Meno Sita ya Dani Dorsila

Kila asubuhi kabla ya chai, Dani Dorsila alisukutua mdomo kwa maji ya chumvi, akatema kwenye karai, akaketi juu ya stuli karibu na mlango palipokuwa na mwanga, akainua kidevu. Risper, mjukuu wake, alipiga magoti mbele yake na kuwasha tochi ya simu. "Fungua, Dani," alisema, na Dani alifungua. Risper alitazama ufizi wa chini, kushoto kisha kulia, pale skrubu mbili za titani zilipokuwa zimelala chini ya nyama. Alitafuta wekundu. Alitafuta uvimbe. Hakupata kitu, akazima tochi, wakanywa chai.

Alhamisi hiyo Dani alisukutua, akatema, akaketi, akainua kidevu.

"Fungua, Dani."

Dani akabana midomo. Alimtazama Risper bila hasira, kama mtu anayengoja chungu kichemke.

"Dani, fungua basi. Leo ndiyo siku yenyewe, lazima niangalie."

"Daktari ataangalia."

"Unaumwa?"

"Nani amesema naumwa?"

"Sasa mbona hufungui?"

"Huu mdomo ni wangu ama ni wa kliniki?" Dani aliinuka, akachukua karai na kumwaga maji nje kwenye mtaro. "Kunywa chai. Tutachelewa, halafu useme ni mimi."

Risper alibaki amepiga magoti, tochi ikimulika stuli tupu. Alijiambia kwamba labda kuna kidonda ambacho Dani anaficha. Alijua si hivyo. Alfajiri, akirudi kutoka bafu ya pamoja ya ploti na ndoo mkononi, alikuwa amesikia sauti ndani ya nyumba. Ilikuwa sauti ya vigelegele, lakini ya chini, imebanwa, kama mtu anayevipiga uso ukiwa ndani ya mto wa kulalia. Aliposukuma mlango ilikatika. Dani alikuwa ameketi kitandani na leso mdomoni, na meno yake ya muda, lile bamba la plastiki lenye meno sita, yalikuwa ndani ya kikombe juu ya meza.

Risper aliitua ndoo, akaenda kuwasha jiko.

*

Pengo la Dani lilikuwa la meno sita ya chini, ya mbele. Hayakuoza wala hayakuanguka. Yaling'olewa alipokuwa msichana huko Alego, kama ilivyokuwa desturi ya Wajaluo kwa vijana wa zamani. Wakati huo desturi ilikuwa inaisha. Mama yake Dani alikuwa amebatizwa na alikataa kabisa binti yake aguswe na chuma cha mtu yeyote. Basi Dorsila alitoka kwa dirisha.

Hadithi hiyo Risper aliisikia tangu akiwa mdogo, na kila mara Dani aliisimulia akicheka. Wasichana wa rika lake walikuwa wameshaenda, wakamwita mtoto mchanga, wakamuuliza kama bado ananyonya. Akaruka dirisha, akawafuata hadi kwa mzee aliyefanya kazi ile. Hakulia. Shangazi yake, aliyekuwepo, alipiga vigelegele, na Dorsila akavijibu mdomo ukiwa umejaa damu. "Mama alinichapa wiki nzima," Dani alisema. "Lakini angeyarudisha vipi?"

Tangu hapo vigelegele vikawa vyake. Kuanzia mtaa wa Makina hadi mtaa wa Olympic, mtu akiwa na harusi, ubatizo au mtoto aliyefaulu mtihani, alisema mwiteni Dorsila. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye meza ya mboga za kienyeji kando ya barabara, na ukimwona akichambua osuga huwezi kudhani. Lakini akiweka kiganja karibu na mdomo, ulimi wake ulikimbia katika lile pengo bila kizuizi, na sauti ilitoka kali, ndefu, ikapita juu ya spika za kanisa. Watoto waliziba masikio. Wanawake wengine walinyamaza wamsikilize, kisha wakaingia nyuma yake.

Risper alimpenda kwa vigelegele hivyo. Pia, tangu alipoanza shule, alimwonea haya kwa pengo hilo hilo. Hakuwahi kumwambia mtu. Siku ya mahafali yake ya chuo, mpiga picha aliposema "shosho, cheka kidogo," Risper alimnong'oneza nyanya yake, "Dani, usicheke sana." Dani akafunga mdomo. Picha ilitoka nzuri. Dani aliitundika ukutani juu ya kitanda, akajisifu nayo kwa kila mgeni, yeye akiwa ndani yake na midomo imebanwa kama mtu aliyeshika pini za kushonea.

*

Kliniki ya meno ilikuwa Kawangware 46, ghorofani, juu ya duka la dawa. Risper alikuwa msaidizi wa Daktari Kinyanjui. Alipanga vyombo, alishika mrija wa kufyonza mate, alichanganya vifaa vya kuchukulia umbo la meno, na aliongea kidogo sana. Nafuna wa mapokezi alisema kwamba sindano ya ganzi ina kelele kuliko Risper.

Kitu kimoja tu kilimfanya aulize maswali: titani. Mara ya kwanza Daktari Kinyanjui alipomwonyesha kipandikizi, kilikuwa ndani ya kichupa cha kioo, kidogo kama skrubu ya redio, rangi ya kijivu isiyong'aa.

"Usikiguse, hata kwa glavu," daktari alisema. "Kinatoka kwa chupa, kinaingia kwa mfupa. Hakuna kituo katikati."

Akamweleza. Chuma cha kawaida hushika kutu. Dhahabu ni laini, na ni ya kuvaa, si ya kutafunia. Vyuma vingine ukiviweka mfupani, mwili huvizungushia utando, kama mtu anayejenga ua asione jirani, na mwisho wake hulegea. Lakini titani ikikutana na hewa hujivika ngozi papo hapo, ngozi nyembamba kiasi kwamba hakuna jicho linaloweza kuiona. Ukiikwaruza, ngozi inarudi kabla hujafumba na kufumbua. Ngozi hiyo ndiyo ambayo mwili hukutana nayo. Haiozi kwa mate, hailiki kwa chumvi. Ni nyepesi, uzito wake kama nusu ya chuma na kidogo, lakini ina nguvu ya kubeba kutafuna kwa miaka. Na uso wake umekwaruzwa kwa makusudi kiwandani, ili chembe za mfupa zipate pa kukanyaga. Zinapanda polepole, miezi kadhaa, hadi mfupa na titani vinashikana, na hapo huwezi kusema hapa pameisha mfupa, hapa pameanza chuma.

"Kwa hivyo mwili unaikubali," Risper alisema.

Daktari Kinyanjui alicheka. "Vitabuni tunasema unaikubali. Mimi nafikiri mwili haujui tu kama kuna mgeni. Hakuna aliyeuuliza."

Aliposikia maneno hayo, Risper aliyaona mazuri. Aliyarudia moyoni akienda nyumbani.

Baadaye kidogo daktari alitangaza kwamba angefundisha madaktari kutoka kliniki nyingine. Alihitaji mgonjwa mmoja asiye na meno ya mbele ya chini, mzee kama inawezekana, mwenye mfupa uliopungua, kwa sababu mfupa usio na jino huliwa pole pole na mwili wenyewe. Mgonjwa angewekewa vipandikizi viwili, na juu yake daraja la meno sita. Hangelipa hata shilingi.

Risper akainua mkono.

"Eh! Risper ameongea!" Nafuna alipiga makofi. "Si umwambie ni nani, msee."

"Ni nyanya yangu."

"Yule Dani wa omena? Aki ya nani, yule geti yake iko wazi tangu uhuru. Afungiwe tu!" Nafuna alicheka kwa upendo, maana Dani alimletea omena, wale dagaa wa ziwani, kila alipopita. Risper naye alicheka. Alikuwa na furaha siku hiyo. Alimwona Dani akicheka mbele ya kamera, meno meupe juu na chini, na hakuna mtu wa kumnong'oneza.

Kumwambia Dani ndiko kulimshinda. Alijaribu kwa kuzunguka: kuna daktari, kuna mafunzo, kuna titani. Dani alichambua mboga zake. "Na mimi nimekula bila hayo meno tangu kabla baba yako hajazaliwa," alisema. "Nitayafanyia nini?"

Hapo Risper akasema, "Daktari amesema ni lazima. Mfupa wako unaisha."

Daktari hakuwa amesema hivyo. Daktari hakuwa amemwona Dani hata siku moja. Kwamba mfupa hupungua ilikuwa kweli. Kwamba ni lazima, hilo Risper aliliongeza mwenyewe, papo hapo, kwa sauti yake ya upole ambayo hakuna mtu angeidhania uongo.

Mkono wa Dani ulisimama juu ya mboga. "Ni lazima?"

"Ndiyo, Dani."

"Haya."

Walipofika kliniki mara ya kwanza, mambo yalikuwa vilevile. Kiswahili cha Dani kilikuwa cha sokoni, kikali na chenye mizaha, lakini mbele ya koti jeupe kilimkimbia, akabaki na Kijaluo peke yake. Risper akatafsiri. Daktari Kinyanjui alieleza kila kitu vizuri, akaonyesha kwa mfano wa taya ya plastiki, kisha akasema, "Sasa muulize kama ameelewa, na kama yeye mwenyewe anataka."

Risper aliuliza kama ameelewa. Lile la kutaka hakulifikisha. Dani alimtazama daktari, akamtazama mjukuu wake, akasema kwa Kijaluo, "Wewe ndiye unayejua."

"Amekubali," Risper alisema.

*

Skrubu ziliingia vizuri. Ufizi ukashonwa juu yake, na ikabidi kungoja mfupa ufanye kazi yake. Katika miezi hiyo Dani alipewa yale meno ya muda, ya kuvaa na kuvua. Hakulalamika. Aliyavaa akienda sokoni na akayavua kula. Wateja walimsifu, wakamwambia amekuwa msichana. Alisema ahsante akifunika mdomo kwa kiganja, jambo ambalo Risper hakuwa amewahi kumwona akilifanya alipokuwa na pengo.

Halafu ukaja ubatizo wa mtoto wa jirani yao. Mama wa mtoto alisimama mbele ya watu, akasema kwa furaha, "Dani Dorsila, tupe ile yako!" Dani aliinuka. Aliweka kiganja, akavuta pumzi, na sauti ikatoka fupi, yenye mate, kama filimbi iliyoingia maji. Alijaribu tena. Bamba likaruka kutoka mdomoni, likamwangukia kifuani.

Watu walicheka sana. Dani pia alicheka, akaliinua juu kama anaonyesha samaki aliyemvua, watu wakacheka zaidi. Kisha akaketi. Mwanamke mwingine akapiga vigelegele, vya kawaida tu, na sherehe ikaendelea.

Tangu siku hiyo aliyekuja kumwita aliambiwa, "Niko na mambo ya daktari." Wiki zikapita, wito ukapungua.

Na kila asubuhi Risper alipiga magoti na kuwasha tochi. Mwanzoni alitafuta wekundu kwa hofu. Baadaye aligundua, na hakujua ni lini ilianza, kwamba anautafuta kwa matumaini. Kama skrubu zingekataa, kama zingelegea na kutoka, hakuna mtu angelazimika kusema kitu. Daktari angesikitika, Dani angerudi na pengo lake, na uongo wa Risper ungetoka pamoja na chuma. Lakini ufizi ulikuwa wa waridi, safi, kama wa mtoto. Titani haikumsaidia. Ilikuwa inafanya kazi yake huko ndani, kimya kimya, na mfupa wa Dani ulikuwa unaipokea bila kuuliza ni nani aliyeituma.

*

Alhamisi hiyo walifika kliniki mapema. Madaktari wageni walikuwa wamekwishajaa chumba cha matibabu, watano, wamevaa barakoa na kofia za karatasi.

"Niaje, Dani!" Nafuna alimkumbatia mlangoni. "Leo ndio unakuwa slay queen?"

"Slay ni nini?"

"Ni mrembo."

"Mimi ni mrembo tangu zamani. Uliza babu yake Risper."

"Babu si alikufa?"

"Alikufa akiangalia," Dani alisema, na Nafuna akacheka hadi akashika meza.

Lakini alipoingia ndani na kuona makoti meupe, Dani alinyamaza. Alipanda kwenye kiti, akapanga leso yake mapajani. Meno ya muda alikuwa ameyaacha nyumbani. Risper alimfunga kitambaa kifuani na kuona vidole vyake vimeshika mikono ya kiti.

Daktari Kinyanjui aliwasha skrini. Picha ya eksirei ikatokea: taya nyembamba, kijivu, na ndani yake skrubu mbili nyeupe, kila uzi wake unaonekana.

"Tazameni," aliwaambia wageni. "Mfupa mwembamba, wa miaka mingi bila meno. Na tazameni ulivyopanda hapa, kati ya nyuzi. Hakuna nafasi nyeusi. Imeshika. Huyu mama amefanya kazi nzuri kuliko mimi." Wageni walicheka kwa adabu. "Na aliyemleta ni msaidizi wangu. Amemtunza mdomo kila siku. Risper, simama wakuone."

Risper alikuwa amesimama tayari. Wageni walipiga makofi, makofi mafu ya mikono yenye glavu. Alitazama chini, na wote wakadhani ni aibu yake ya kawaida.

"Mwambie," daktari alisema, "leo tunafungua ufizi tu na kuweka vifuniko virefu juu ya skrubu. Ufizi ukipona tunafunga daraja. Anaweza kutabasamu Krismasi. Na muulize kama ana swali."

Risper aliinama karibu na sikio la Dani, akatafsiri.

Dani alifikiri. Kwa Kijaluo, polepole, akauliza, "Yakishafungwa, naweza kuyatoa usiku, kama yale ya plastiki?"

"Hapana, Dani. Ni daktari tu anaweza kufungua daraja. Na skrubu hazitoki."

"Hata kwa sherehe moja tu?"

Risper alinyoosha kitambaa kifuani mwa Dani, ambacho kilikuwa kimenyooka tayari.

"Basi," Dani alisema. "Mwambie sina swali. Daktari amesema ni lazima, itakuwa lazima."

"Anasemaje?" aliuliza Daktari Kinyanjui.

"Hana swali."

Daktari akachukua sindano ya ganzi. Taa ikashushwa. Dani alifunga macho na kufungua mdomo, ule mdomo aliomnyima Risper asubuhi, na pengo likaonekana lote chini ya mwanga mkali: ufizi laini uliosuguliwa na ulimi kwa miaka, usio na doa. Mmoja wa wageni alisogea apate kuona. Risper aliweka mrija pembeni mwa midomo ya Dani. Mashine ikaanza kuvuma. Chozi moja likatoka kwenye jicho la Dani lililofungwa na kuteremka kuelekea sikioni, na mwanamke ambaye hakulia mbele ya chuma cha yule mzee wa Alego hakulifuta.

"Daktari, subiri," Risper alisema.

Hakuna aliyesikia. Mashine ilikuwa inavuma, sindano ilikuwa karibu.

Risper akautoa mrija mdomoni mwa Dani na kuuzima.

"Subiri," alisema tena. "Tafadhali."

Daktari Kinyanjui aliinua macho. "Kuna nini?"

Alikuwa amepanga, ikiwa siku moja angesema, aseme nje, wawili tu, kwa sauti ndogo. Sasa kulikuwa na watu watano wenye barakoa wakimtazama. Alisema kwa Kiswahili, ili daktari asikie, na kwa Kiswahili cha kawaida, ili Dani asikose neno.

"Dani, daktari hakusema ni lazima. Hajawahi kusema. Nilisema mimi."

Dani alifungua macho.

"Na siku ile," Risper aliendelea, akimgeukia daktari, "uliniambia nimuulize kama anataka. Sikumuuliza. Alisema mimi ndiye najua, nikakwambia amekubali." "Anadhani ni amri yako. Amevumilia yote akidhani ni amri yako."

Daktari Kinyanjui aliweka sindano kwenye trei. Alivuta barakoa hadi kidevuni, na uso wake ulikuwa umekunjamana. "Risper. Unajua nimekata mfupa wa huyu mama?"

"Najua."

"Unajua?"

"Ndiyo, Daktari."

Mgeni mmoja alikohoa. Mwingine alianza kuvua glavu. Dani alijiinua polepole kwenye kiti hadi akaketi wima, kitambaa bado kimening'inia kifuani, akamtazama mjukuu wake.

"Kumbe si daktari," alisema.

"Si daktari, Dani."

"Kwa nini?"

Hilo ndilo swali ambalo Risper alikuwa amelikimbia miezi yote. Majibu yalikuwa mengi na mazuri: mfupa, afya, kutafuna, bahati ya kutolipa. "Nilikuwa naona haya," alisema. "Kwa pengo. Tangu nikiwa mdogo."

Dani aliitikia kwa kichwa, mara moja, kama mtu aliyepokea chenji na kuona inatosha au haitoshi, hakuna cha kufanya. Kisha akamgeukia daktari, na Kiswahili chake cha sokoni kikarudi, chote, mbele ya makoti sita.

"Wewe daktari. Hizi vyuma zako, unaweza kutoa?"

"Naweza," alisema Daktari Kinyanjui kwa upole, "lakini si rahisi, mama. Mfupa umezishika. Nikizitoa nitakata mfupa pamoja nazo, na mfupa wako ni mdogo. Sitakushauri."

"Na nikiziacha?"

"Zinaweza kulala tu. Zimefunikwa na ufizi, hutazisikia. Titani haishiki kutu, haina sumu. Tutakuwa tunaziangalia mara kwa mara, basi."

"Zitalala mpaka lini?"

Daktari aligeukia ile picha ya taya kwenye skrini. "Mpaka mwisho, mama. Hata baada ya mwisho. Mfupa utaisha, zenyewe zitabaki."

Dani alitoa sauti ndogo puani, katikati ya kicheko na kitu kingine. Aliugusa ufizi wake kwa kidole, kushoto, kisha kulia, akipapasa mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kupapasa.

"Umesikia, nyakwara?" alimwambia mjukuu wake. "Nitazikwa na uongo wako mdomoni. Watu wataoza wote, wenyewe utabaki."

Risper alitaka kusema pole. Neno lilikuwa dogo mno, akaliacha. Alipiga magoti kando ya kiti kama alivyofanya kila asubuhi, bila tochi, na hakujaribu kufuta machozi yaliyokuwa yanaloanisha barakoa yake.

"Dani," alisema, "sijawahi kukuuliza. Nakuuliza sasa. Wewe mwenyewe unataka nini?"

Mlangoni, Nafuna alikuwa amechungulia na kusahau kuondoka. Daktari Kinyanjui alikunja mikono na kungoja, macho yake kwa Dani, hakumtazama Risper apate tafsiri.

Dani alifungua kitambaa kifuani, akakikunja, akakiweka juu ya trei, kando ya sindano.

"Sitaki kufungwa," alisema. "Mama yangu alikataa niende, nikatoka kwa dirisha. Hakuna mtu alinisukuma. Hili pengo nililichagua mimi, na damu yangu nikaimeza mimi. Mnaona ni kitu kimepotea, mnataka kurudisha. Hakuna kitu kimepotea hapa. Daktari, pole kwa kazi yako. Na wewe Risper, simama, usinililie. Niko na hasira na wewe, na hiyo hasira hatujamaliza. Lakini kutoka leo usinisemee tena, kwa daktari, kwa kanisa, kwa mtu yeyote. Niulize. Niko na mdomo."